Herufi Moja na Uhuru wa Mshairi

Mwaka 1894 wasomaji wa jarida dogo lililokuwa likichapishwa mjini Nürnberg, Ujerumani, waliulizwa swali ambalo wenye lugha ni nadra kuulizwa: je, lugha yao ibaki kama ilivyo, ama ibadilishwe? Jarida liliitwa La Esperantisto. Lugha yenyewe ilikuwa Kiesperanto, ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa miaka saba tu tangu kitangazwe. Na aliyeuliza hakuwa mpinzani wala mgeni, bali alikuwa ni yule yule aliyekiunda, Ludwik Lejzer Zamenhof, tabibu wa macho. Miongoni mwa mambo aliyopendekeza yafutwe ilikuwamo herufi moja, n, inayobandikwa mwishoni mwa neno ili kuonyesha kuwa ndilo lililotendwa. Kura 264 zilipigwa, na 157 kati ya hizo zilikataa badiliko la aina yoyote. Mwundaji wa lugha alishindwa kwa kura na wanafunzi wake.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kama ugomvi mdogo wa wanasarufi. Walakini kwa mpenzi wa mashairi kina uzito mwingine, kwani herufi iliyotaka kutupwa ndiyo iliyokuja kumpa mshairi wa lugha hiyo uwanja wake wa kuchezea.

Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo umo Poland na wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Urusi. Mji huo ulikuwa na Wayahudi waliosema Kiyidishi, Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wabelarusi, na kila kundi likimtazama mwenziwe kwa jicho la shaka. Babake alikuwa mwalimu wa lugha. Kijana huyo alikua akiamini kuwa chuki aliyoiona sokoni na njiani ilizidishwa na kutosikilizana, na mwaka 1878, angali mwanafunzi wa shule, alikwisha kuwaonyesha wenziwe rasimu ya kwanza ya lugha ya watu wote. Ilimchukua miaka mingine tisa kuirekebisha. Mwaka 1887, kwa msaada wa fedha za babake mchumba wake Klara, alichapisha mjini Warszawa kijitabu kwa Kirusi, akajiita Doktoro Esperanto, yaani tabibu mwenye kutumaini. Jina la mwandishi ndilo lililokuja kuwa jina la lugha.

Kijitabu kile hakikuwa na kanuni na msamiati peke yake. Ndani yake mlikuwa na Sala ya Bwana, kipande cha kitabu cha Mwanzo, mfano wa barua, na mashairi matatu, mawili ya Zamenhof mwenyewe na moja alilolitafsiri kutoka kwa Heine. Hivyo lugha hii haikungoja ikomae kwanza ndipo itungiwe mashairi. Ilizaliwa nayo. Jambo la pili la kuzingatiwa ni tamko lililochapishwa humo humo, kuwa lugha ya mataifa, mfano wa lugha nyingine zote, ni mali ya umma, na kwamba mtungaji ameziacha haki zake zote juu yake. Maneno hayo yalikuwa mepesi kuandikwa mwaka 1887. Uzito wake ulijulikana baadaye.

Sarufi yenyewe ni fupi. Kila nomino huishia kwa o, kila kivumishi kwa a, kielezi kwa e. Wingi huongezwa j, ambayo hutamkwa kama y. Kisha huja n. Mtu akisema *la hundo mordis la katon*, maana yake ni kuwa mbwa alimwuma paka. Akisema *la katon mordis la hundo*, maana haikubadilika: mbwa bado ndiye mwumaji, na paka bado ndiye aliyeumwa, ingawa ametangulizwa. Maneno hayo matatu, yaani mbwa, kuuma na paka, yaweza kupangwa kwa njia sita, na katika zote sita msikilizaji hatapotea, kwani aliyeumwa amechukua alama yake mkiani popote aendapo.

Msemaji wa Kiswahili hatalistaajabia jambo hili sana, kwani lugha yake nayo ina uhuru wa namna hiyo, ila umewekwa mahali pengine. Mtu asemaye "mtoto amekisoma kitabu", "kitabu mtoto amekisoma" ama "amekisoma kitabu mtoto" hueleweka daima, kwa sababu kitenzi kimebeba ndani yake alama za wote wawili, a ya mtoto na ki ya kitabu. Lakini ngeli zikiwa moja, alama hizo huacha kusaidia. "Juma amempiga Ali" ni wazi. "Ali Juma amempiga" huanza kutia shaka, na msikilizaji hutegemea kituo cha sauti ama ujuzi wake wa watu hao ili ajue nani kampiga nani. Kiswahili kimeiweka alama katika kitenzi, Kiesperanto kimeiweka katika nomino. Cha kwanza huhitaji ngeli zitofautiane, cha pili hakihitaji chochote ila msemaji asiisahau herufi yake.

Na kusahau ndiko kulikoleta malalamiko. Mwanafunzi Mrusi ama Mpolandi hakuona uzito, maana lugha yake mwenyewe imejaa miisho ya namna hiyo. Mfaransa na Mwingereza, ambao lugha zao humtambua mtendwa kwa mahali alipowekwa, walijikwaa kila sentensi. Waliuliza, na wanafunzi hadi leo huuliza: ikiwa mtenda hutangulia na mtendwa hufuata, ya nini alama tena? Swali hili si la kipuuzi, kwani maandishi mengi ya Kiesperanto kweli hufuata mpangilio huo huo wa mtenda, kitenzi na mtendwa, na katika sentensi za namna hiyo n huonekana kama mgeni asiyekuwa na kazi.

Kazi yake huonekana pale mpangilio usipotosha. *La infano kuras en la ĝardeno* ni kusema mtoto anakimbia akiwa bustanini. *La infano kuras en la ĝardenon* ni kusema anakimbia kuingia bustanini. Maneno ni yale yale, nafasi ni zile zile, na tofauti yote imo katika herufi ya mwisho. Mfano wa pili una ladha zaidi. Kwa Kiswahili, anayemwambia mtu "nakupenda kama baba" amesema maneno mawili kwa pamoja, na msikilizaji achague: ama nakupenda kama baba apendavyo mwanawe, ama nakupenda kama apendwavyo baba. Katika Kiesperanto hakuna kuchagua. *Mi amas vin kiel patro* ni la kwanza. *Mi amas vin kiel patron* ni la pili. Mtu mzima na kijana wanaweza kuambiana sentensi moja, na herufi moja ikaonyesha nani mzazi.

Uhuru huo lakini si wa kupita mipaka. Kihusishi hakina budi kitangulie nomino yake, na *la* vivyo hivyo. Neno la kukana, *ne*, hukaa mbele ya lile linalokanwa, na likihama, maana huhama nalo: *mi tute ne komprenas* ni sielewi hata kidogo, *mi ne tute komprenas* ni naelewa, ila si yote. Basi anayejifunza hufundishwa mambo mawili yanayoelekea kupingana, kwamba nomino na vitenzi vyake ni huru kutembea, na kwamba vineno vidogo vidogo vimefungwa. Wengi huogopa uhuru wa kwanza na huvunja sheria ya pili.

Zamenhof aliyasikia malalamiko hayo kwa miaka mingi, na mbele yake alikuwa na mfano wa kutisha. Volapük, lugha ya kuundwa iliyotangulia yake, ilitangazwa miaka ya 1879 na 1880 na padri Mjerumani, Johann Martin Schleyer, ikaenea upesi Ulaya. Wafuasi wake, wakiongozwa na Auguste Kerckhoffs, walitaka sarufi yake irahisishwe. Schleyer akashikilia kuwa neno la mwisho ni lake. Mkutano wa Paris wa mwaka 1889 uliendeshwa kwa lugha yenyewe, jambo la kujivunia, lakini mfarakano ulikwisha kuingia, na katika miaka michache kundi lile kubwa likatawanyika. Klabu ya Nürnberg, iliyokuja kuwa nguzo ya Kiesperanto, ilikuwa kwanza klabu ya Volapük. Watu hao walikuwa wameshaiona nyumba moja ikiporomoka.

Wilhelm Trompeter, mpima ardhi wa Kijerumani aliyekuwa akiligharimia jarida la La Esperantisto, alikuwa miongoni mwa waliotaka mageuzi. Zamenhof naye alikuwa maskini, tena alikwisha kuziacha haki zake. Hakuweza kukataa kama Schleyer, na pengine hakutaka. Mwaka 1894 akaandika mapendekezo mapana: herufi zenye vikofia ziondoke, *la* iondoke, kivumishi kisifuate nomino yake katika wingi wala katika utendwa, na n ya mtendwa ifutwe, mahali pa neno ndipo paonyeshe kazi yake. Katika mwaka huo huo wa 1894 alichapisha tafsiri yake ya Hamlet ya Shakespeare, kazi ya kwanza kubwa ya fasihi katika lugha hiyo. Mkono mmoja ulikuwa ukionyesha lugha ile yaweza nini, na mkono wa pili ukiandika orodha ya vitu vya kuondolewa.

Haitakuwa haki kusema kuwa wale 157 waliitetea n kwa ajili ya ushairi. Mashairi ya kutetea yalikuwa bado machache. Sababu iliyo karibu zaidi ni kuwa walikwisha kujifunza, walikwisha kuandikiana barua, na waliogopa kuwa mlango ukifunguliwa mara moja hautafungika tena. Lakini walichokilinda kwa hofu kilikuja kuwa na thamani ambayo wao wenyewe hawakuipima. Trompeter aliondoa msaada wake. Mwaka 1895 serikali ya Urusi ililipiga marufuku jarida hilo kwa sababu lilichapisha maandishi ya Tolstoy, na kwa kuwa wasomaji wake wengi walikuwa huko, likafa. Lugha haikufa.

Mwaka 1905 watu 688 kutoka nchi 20 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, katika mkutano mkuu wa kwanza, wakasikilizana bila ya mkalimani. Mwaka huo kilitoka kitabu cha msingi, Fundamento de Esperanto, chenye zile kanuni 16, mifano na msamiati, na kikatangazwa kuwa hakiguswi. Miaka miwili baadaye palizuka jaribio jingine. Kamati iliyokutana Paris mwaka 1907 kwa juhudi za mwanafalsafa Louis Couturat, na ambayo ndani yake alikuwamo mwanaisimu Otto Jespersen, iliona Kiesperanto kifaa kwa sharti kirekebishwe. Kwa mapendekezo hayo kikazaliwa Kiido. Kuhusu n, Kiido kilichukua njia ya kati: itumike pale tu mtendwa anapotangulizwa mbele ya mtenda, na kwingine iachwe. Kivumishi kikaachiliwa kisifuate nomino.

Kwa kipimo cha urahisi, Kiido kilikuwa na hoja. Mwanafunzi anayefuata mpangilio wa kawaida hana haja ya kuikumbuka herufi hata mara moja. Lakini kitu kisichotumika kila siku huwa kigeni siku kinapohitajiwa. Katika Kiesperanto n ni mazoea. Sikio huizoea kiasi cha kuisikiliza bila kufikiri, na kwa hiyo mshairi akipindua sentensi yake msomaji hashtuki.

Washairi hao walikuja kwa wingi baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na makao yao makuu yalikuwa Budapest, lilikotoka jarida la Literatura Mondo kuanzia mwaka 1922. Wawili walitia fora, wote waliozaliwa mwaka 1891. Julio Baghy alitekwa vitani, akakaa miaka katika makambi ya wafungwa ya Siberia, akatoka huko na mashairi na riwaya. Kálmán Kalocsay alikuwa daktari wa maradhi ya kuambukiza. Diwani yake ya Streĉita Kordo ya mwaka 1931 ni katika vilele vya ushairi wa lugha hiyo, na tafsiri yake ya Jehanamu ya Dante ilitoka mwaka 1933. Huyu huyu mshairi, pamoja na Mfaransa Gaston Waringhien, ndiye aliyeandika pia Parnasa Gvidlibro, mwongozo wa arudhi, mwaka 1932, na sarufi kubwa ya Plena Gramatiko mwaka 1935. Haikuwa sadfa kuwa mtu mmoja alifanya yote mawili. Mshairi ndiye aliyejua sarufi yavutika hadi wapi kabla haijakatika.

Anayejua mizani ataona mara moja faida waliyoikuta. N haiongezi silabi. *Kato* ni mizani mbili, *katon* ni mizani mbili vile vile, na mkazo haukuhama, kwani katika Kiesperanto, kama katika Kiswahili, mkazo hukaa daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo alama ya mtendwa haigharimu chochote katika mshororo. Kivumishi nacho, kwa kuwa kimevaa alama ile ile, chaweza kuachana na nomino yake na bado zikatambuana kwa mbali: *blankan mi velon vidis*, yaani jeupe niliona tanga. Hata mwenye masikio ya Kiswahili huikubali sentensi ya pili, kwa sababu "jeupe" haiwezi kutafuta jingine ila "tanga". Mageuzi ya 1894 yangalipita, kivumishi kingalibaki bila ya alama ya kukirudisha kwa mwenyewe.

Kipo pia kile ambacho washairi wa Pwani hukiita inkisari. Kanuni ya mwisho katika zile 16 huruhusu o ya nomino idondoshwe, mkazo ukabaki pale pale ulipokuwa. Zamenhof aliitumia ruhusa hiyo tangu kijitabu cha kwanza. Mojawapo ya mashairi yake mawili, Ho, mia kor', limekatwa hivyo katika jina lake. Moyo, *koro*, ukawa *kor'*, na mizani mbili zikawa moja. Lakini o yaweza kudondoka tu pasipokuwa na kitu nyuma yake. Neno lililochukua n haliruhusiwi kukatwa. Mtenda hufupishwa, mtendwa hubaki mzima, na mshairi hupima kila mshororo akijua lipi laweza kupunguka na lipi haliwezi.

Vina navyo vilikuwa na mtego wake. Katika lugha ambayo kila nomino huishia kwa o na vitenzi vyote vya wakati uliopo huishia kwa *as*, kutia kina ni rahisi mno, na kilicho rahisi mno huwa hakina thamani. Wahakiki walikipa kina cha viambishi jina la kejeli, *adasismo*, kama vile msikilizaji wa Pwani asivyomsifu mtunzi anayefunga kila mshororo kwa "patikana", "onekana" na "julikana". Mpangilio huru ndio uliomwokoa mtunzi: kitenzi chaweza kurudishwa katikati, na mwisho wa mshororo ukaachiwa neno lenye mzizi mzito.

Lugha hii haikulipiwa kwa jasho la arudhi tu. Lidia, bintiye mdogo wa Zamenhof, aliyekuwa amezaliwa mwaka 1904, aliifundisha katika nchi nyingi kwa njia ya Andreo Cseh, ambayo humwacha mwanafunzi bila ya kitabu, mwalimu akiuliza na darasa likijibu kwa pamoja mpaka sarufi iingie kwa masikio. Alikuwa Marekani mwaka 1937 na 1938, kisha akarejea Poland. Ujerumani ya Wanazi ilikwisha kuvifunga vyama vya Kiesperanto mwaka 1936, na katika miaka ya 1937 na 1938 wengi wa wafuasi wake walikamatwa katika Muungano wa Kisovieti. Vita vilipofika Warszawa, Adam, mwana wa kiume wa Zamenhof, alipigwa risasi mwaka 1940. Lidia na dadake Zofia waliuawa Treblinka mwaka 1942. Baba yao alikuwa amefariki mwaka 1917, miaka mitano baada ya kutangaza mbele ya mkutano wa Kraków kuwa hatashika tena nafasi yoyote ya uongozi katika jambo alilolianzisha.

Watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kwa njia yao hali ya lugha kuamuliwa na kamati. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Kiswahili hakikuundwa na kamati. Kilikuwa na karne za tenzi kabla yake. Lakini mtu aliyesomeshwa kwa usanifu huo, akikutana na utenzi wa Lamu ama shairi la Mombasa, hukuta maneno na miundo ambayo vitabu vya shule havikuipa nafasi, na washairi wameendelea kuitumia pasi na kuomba ruhusa. Huku kamati ilikuta lugha iliyokomaa ikachagua sehemu yake. Kule mwundaji aliileta lugha changa akataka kuipunguza. Katika hali zote mbili sehemu iliyoonekana kuwa mzigo darasani ilikutwa baadaye ikifanya kazi katika ubeti.

Mwanafunzi wa leo wa Kiesperanto bado huisahau n, na mwalimu bado humrudisha. Akiuliza kwa nini isifutwe tu, ataelezwa kuwa mwenyewe aliyeiweka aliwahi kutaka kuifuta, mwaka 1894, akaambiwa hapana.